Tumzawadie Shabani Mikono Yetu

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga pasi skafu ya kijani, nimekwenda kikaoni. Ndivyo ilivyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tangu nilipokula kiapo cha Undugu, chama chetu hapa Kinampanda. Waislamu na Wakristo, kiapo kimoja, skafu moja.

Ajenda: ndugu bora wa mwaka. Mzee Kitundu, mkuu wetu, anataka ngao, mgeni rasmi na picha. Mwaka jana ngao ilikwenda kwa aliyetoa viti vya plastiki vya ukumbi wetu wenyewe. Yaani tulimpongeza mtu kwa kutukalisha!

Nikasimama. Mzee Kitundu akaguna: "Mwalimu akisimama, jamani, chai inapoa." Wakacheka. Ikapoa kweli.

Nimemtaja Shabani. Masika yote anafunga ng'ombe kwenye mkokoteni na kuvusha wajawazito na wagonjwa penye tope, pale pikipiki zinapokwama, mpaka barabara kubwa. Usiku, mchana. Hajawahi kutajwa katika ukumbi ule hata mara moja. Mwenyewe, ndugu wa kiapo kama sisi, alikuwa kiti cha nyuma anaangalia viatu vyake.

Hoja yangu: ngao isiwepo. Twende wote arobaini, siku moja, tumvunie alizeti yake yote. Aliyetoa mikono apewe mikono.

Kura ya kusimama. Nimeshinda! Mzee Kitundu amebaki ameketi peke yake na katibu wake.

Jumanne, 6 Mei

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimeandika makala ya gazeti, kali. Nimesoma sana kuhusu vyama vya kindugu vya nchi za mbali, na aproni zao na vyeo vyao virefu kama treni. Wengi wanaugua ugonjwa wetu: wanapongezana kwa kuhudhuria. Sisi wa Iramba tutawaonyesha njia.

Mke wangu, Mama Neema, kasoma akasema nimetumia alama za mshangao nyingi. Sikupunguza hata moja.

Jumamosi, 10 Mei

Siku imepatikana. Ijumaa haifai, wapo wa msikitini. Jumamosi haifai, wapo Wasabato. Jumapili haifai. Ni Jumatano, tarehe 21.

Nimepanda baiskeli kumpelekea Shabani tarehe. Nilimkuta mkewe, Mama Zuhura, anapepeta; mumewe hakuwa amemwambia lolote. Nikatangaza kwa mbwembwe zote. Akaweka ungo chini.

"Shemeji, hao watu arobaini watakula nini?"

Kila mtoto wa hapa anajua: watu wakija kulima au kuvuna kwako, unawalisha. Wanashiba, tena wanashiba nyama. Mimi na vitabu vyangu vyote, nilisahau.

"Mmemzawadia mume wangu au mmeniadhibu mimi?"

Mahindi yao mwaka huu yalikaukia shambani. Kihenge nilikiona kwa macho yangu, kitupu. Kuku waliobaki wanahesabika kwa mkono mmoja. Shabani akatoka nyuma ya nyumba, akanisikiliza, akasema taratibu: "Mwalimu, mpeni mwingine."

Akikataa, ngao inarudi. Na yeye anarudi kwenye tope lake bila mtu kumwona.

Jumapili, 11 Mei

Aibu. Hasira pia, na zote ni juu yangu.

Nikawaza kila ndugu aende na chakula chake. Mama Neema kanishangaa. "Uende kwa mtu na ugali wako kwapani? Si umwambie tu usoni kwamba nyumba yake ina njaa." Nikasema mbona msibani tunapeleka vyakula. "Kwani Shabani kafa?"

Nimekwenda kulala bila kubishana. Jambo la nadra.

Jumatano, 14 Mei

Nimekutana na Mzee Kitundu dukani. Shikamoo, marahaba, halafu vita. Nimemwambia anafurahia kuanguka kwangu. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Wazo lako zuri sana, Mwalimu. Lakini lina matumbo arobaini."

Duka zima likacheka. Nami nilitaka kucheka. Nikajizuia.

Ngao haijaagizwa bado. Fundi anasubiri jina tu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepata! Nimepata nikiwa nanyoa ndevu, nusu ya uso ina povu, nikatoka mbio uani kumwita Mama Neema.

Anayelisha ni mwenyeji. Sasa mwenyeji asipokuwepo? Shabani na familia yake wawe wageni wetu hapa nyumbani siku nzima. Mgeni hapiki. Mgeni hachinji. Hakuna atakayesema nyumba ya Shabani haikulisha watu, maana wenyewe walikuwa wamealikwa!

Mama Neema kafikiri, kisha kajifunga khanga akaenda mwenyewe. Kamwambia Mama Zuhura: "Mimi nakualika kama dada. Hawa wanaume wana mambo yao huko shambani, tuwaache." Mama Zuhura alicheka, akakubali. Shabani alikubali kwa sababu mkewe alikubali.

Zikabaki sufuria za wavunaji. Shamba la jirani ni la Mzee Kitundu. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, hoja zimepangwa kichwani. Hakunipa nafasi. "Watakula kwangu. Nitachinja mbuzi. Ila skafu wote wavae."

Skafu kwenye vumbi la alizeti! Nimekubali. Imeniuma, nimekubali. Tena mzee huyu ni mtu, nimekuwa nikimwonea.

Jumanne, 20 Mei

Hofu. Mmoja ana homa ya ghafla. Mwingine anasema skafu yake itachafuka. Wa tatu ana mgeni kutoka Iguguno. Nimezunguka kwa baiskeli mpaka Ulemo, nimebisha kila mlango, nimebembeleza, nimetukana kidogo. Nimemwambia yule wa homa nitakuja na nesi. Homa imepona pale pale.

Sauti imekauka. Kesho tutajuana.

Jumatano, 21 Mei

Wamekuja! Wote, na wasiokula kiapo wamekuja! Wanawake waliojifungulia hospitali kwa sababu ya ule mkokoteni wamekuja na watoto mgongoni, wana fimbo za kupigia alizeti. Hakuna aliyewaalika.

Mimi sikukata hata kichwa kimoja cha alizeti. Mwenyeji hawezi kuacha wageni. Nimeshinda sebuleni nimevaa viatu, simu mkononi, naletewa habari. Mstari wa kwanza umekwisha. Vichwa vimemwagwa kwenye maturubai. Wanapiga. Mzee Kitundu kanitumia picha yake: skafu kifuani, fimbo juu, makapi mpaka kwenye nyusi. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja kuona kuna nini.

Kabla jua halijazama, shamba limekwisha. Magunia yamejaa, yamesimama kihengeni kwa Shabani. Nimeandika haya kwa haraka. Kesho nitaandika vizuri.

Alhamisi, 22 Mei

Kimya leo. Upepo tu.

Nimepita kwa akina Shabani asubuhi. Mama Zuhura kasema alizeti imepepetwa vizuri, na kunde zake zimekanyagwa, na nani atazilipia. Ana haki.

Jana kuna kitu sikukiandika. Shabani alikuja na shati lililopigwa pasi. Alikula kidogo, alijibu kila tulichomuuliza kwa neno moja moja. Mchana, katikati ya kelele zangu za simu, nikageuka nikamwona amelala kitini. Kichwa kimeangukia begani. Mikono wazi magotini.

Nilizima simu. Watu walianza kufika kupongeza, nikawapokea nje getini, kidole mdomoni. Nilisimama pale muda mrefu juani. Mama Neema akaniletea kofia.

Nilipoingia ndani kuchukua maji, Shabani akashtuka, akaanza kutafuta viatu kwa miguu huku macho hayajafunguka.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Lala."

Akalala tena.