Figo za Baraka

Nyanya mpendwa,

Shikamoo kutoka Barking, London, ambako mvua hainyeshi, inatema mate tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeona haya.

Binamu Baraka, aliyekuja kututembelea kutoka Marekani, aliandika mtandaoni kwa Kiingereza kwamba aliuza figo ili alipie kushonwa kidole. Bili ilimuuma kweli, lakini hilo la figo ni mzaha wa huko. Mimi nikautafsiri kwa Kiswahili kwenye grupu la akina mama wa kanisani, nao wakaamini.

Jumapili walimletea kuku wa kuchemsha bila chumvi, pamoja na kikapu cha harambee.

"Kula, mwanangu, hiyo figo iliyobaki uitunze," akasema Mama Wambui.

Baraka, ambaye Kiswahili kimemtoka, akajibu "asante" tu.

Nikajikaza, nikanong'ona: "Mama, Baraka ametia chumvi."

"Ametia chumvi!" Akamnyang'anya sahani. "Na figo moja?"

Tafadhali Nyanya, wapigie wewe usiyeogopa mtu, uwaambie ziko mbili, kabla hawajaanza kumtafutia nyingine.

Nakukumbatia mpaka kilemba chako kianguke.

Neema