Mtaa wa Kwenda kwa Miguu

Leiden, Uholanzi
20 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakubusu mikono yote miwili. Mguu unaendeleaje? Na dawa ya sukari unaimeza, au unaificha chini ya mto kama mwaka jana? Sisi wazima, alhamdulillah. Atheer kang'oka jino, na Taimur analia anataka lake ling'oke pia.

Khabari ni hii: Suud kapata kazi ya kusomesha chuo kikuu, Al Khoudh, anaanza mwezi wa tisa. Tunarudi Maskati, Mama! Nimelia huku nakata vitunguu, Suud akadhani ni vitunguu.

Sasa nina ombi, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Najua ghorofa ya juu ya nyumba yako hapo Mabela iko tayari kwa ajili yetu. Lakini watoto wamezoea kwenda skuli kwa miguu. Atheer anamjua muuza mikate kwa jina, na Taimur husimama kila mlango wenye paka. Natafuta mtaa wa namna hiyo, wenye skuli karibu, duka karibu, msikiti karibu, na pa kupita mtu na watoto wake bila ya kukimbizana na magari. Mabela nyumba ni kubwa na nzuri, lakini ukitoka getini ni barabara tu. Ungetuulizia Al Khoudh? Au hata Madinat Sultan Qaboos?

Wajukuu zako wanakusalimu sana.

Mwanao,
Muhsina


Mabela
23 Aprili 2025

Mwanangu Muhsina,

Waalaykum salaam. Mguu ndio huo huo, unauma ukipenda. Dawa nnameza. Aliyekwambia nnaficha ni Bakhita, na Bakhita ni jirani mwema lakini mdomo wake hauna pazia. Mpe Suud hongera, mwambie mkwe wangu nnamuombea kila sala.

Ama hilo la pili nimelisoma kwenye simu, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikalisoma tena. Kutembea? Maskati? Mwezi wa tisa? Kwa jua hili la kukaanga yai juu ya boneti, weye utoke na watoto kwa miguu? Hapa anayekwenda kwa miguu ni aliyeharibikiwa na gari, na watu humuonea huruma.

Ghorofa ile marehemu babako aliijenga huku anaumwa. Akipanda ngazi, anasimama kupumua, anasema, "Chumba hiki cha Muhsina, kile cha watoto." Nimepaka rangi, nimetia mapazia, majirani wote nimewaambia. Sasa niwaambie nini? Kwamba mwanangu anataka kuwa karibu na muuza mikate kuliko kuwa karibu na mamake?

Tafuteni mnapopataka. Miye mwezi wa saba nnakwenda Unguja kwa Shariffa, mdogo wangu, kulikimbia joto. Ufunguo nitamwachia Bakhita.

Mamako


Mabela
28 Agosti 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Khabari za Kikwajuni? Mamdogo Shariffa hajambo? Mwambie aache kukutilia sukari kwenye chai, namjua.

Mama, tumekaa kwenye ghorofa ya Baba tangu tulipofika, na kila nikifungua dirisha namuombea dua. Vyumba vina hewa, mapazia mazuri. Lakini nisikilize. Watoto wamecheza uani mpaka wameuchoka. Juzi Atheer kaniuliza, "Mama, watu wa hapa wako wapi?" Maana anaona magari tu yanaingia getini na geti linafungwa. Duka tunaliona kwa macho, liko ng'ambo, na kwenda huko lazima tupande gari, tukageuze mbali, turudi.

Siku moja nikasema liwalo na liwe, nikawashika mikono tukatoka jioni. Hapana pa kupita, ni mchanga tu pembeni ya lami. Pikapu imetupita karibu mpaka kioo chake kimegusa mtandio wa Atheer. Nilimvuta akaanguka, akachubuka magoti. Alilia kidogo, nikambeba mpaka nyumbani. Hapo hapo nikamwambia Suud tutafute kwengine.

Tumepata nyumba Al Khoudh. Ndogo, ya zamani, nyuma ya msikiti. Skuli iko nyuma ya mtaa, mikate iko kwenye kona, pana bustani ya bembea, na njia ya waendao kwa miguu ina mikunazi inayotia kivuli. Mchana jua likiwa kali nitawafuata kwa gari, sina wazimu. Lakini asubuhi na jioni tutatembea.

Si mbali na kwako, Mama. Sikukukimbia. Tunahama Jumamosi. Niwie radhi.

Mwanao,
Muhsina


Kikwajuni, Unguja
15 Septemba 2025

Muhsina,

Salaam. Niambie kweli, usinifiche. Suud kafukuzwa kazi?

Bakhita kanipigia simu. Ana dada yake huko Al Khoudh, kawaona asubuhi, weye na mumeo na watoto, mabegi mgongoni, mnakwenda kwa miguu. Kasimamisha gari akupeni lifti, mkakataa. Kesho yake kasimama tena, mkakataa. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mmeuza gari. Kuna mwengine ati ashaanza kukupikieni chakula. Aibu gani hii!

Kama mna shida, ghorofa iko wazi. Kiburi hakishibishi watoto.

Ama mimi, Maskati sijui kama nitarudi. Nyumba tupu chini, tupu juu, nirudi nikamlinde nani? Shariffa ananiambia nikae, na nnaona nitakaa.

Mamako


Al Khoudh
16 Septemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimecheka, kisha nimelia, na Suud hajui anifariji au acheke na yeye.

Suud hajafukuzwa. Gari liko mlangoni, limeoshwa jana. Lakini ni kweli wiki ya kwanza hatukuweza kumaliza hata mtaa mmoja. Kila gari linasimama. "Kheri? Gari imeharibika? Pandeni, pandeni!" Ukikataa mara ya kwanza wanadhani una haya. Ukikataa mara ya pili wanashuka kukushika mkono. Siku moja tukashindwa, tukapanda, tukashushwa baada ya nyumba nne. Na biriani kweli imekuja, sufuria zima, ya mama mmoja anaitwa Ghadeer. Tukaila, tamu kweli. Nikenda kumrudishia sufuria, nikamweleza kwamba tunatembea kwa kupenda. Akanitazama weye! Asubuhi yake akasimamisha gari kama kawaida, nami nishaanza kukataa. Akazima gari, akashuka na binti yake, akasema, "Basi leo nakwenda nanyi." Sasa tunakwenda naye kila siku, na Atheer ana rafiki.

Lakini hayo maneno yako ya mwisho, Mama, yamenikata. Kazi Suud angepata hata huko Uholanzi tulikokuwa. Tumerudi kwa ajili yako. Sikuwaleta watoto Maskati ili bibi yao ahamie Unguja. Rudi, tafadhali.

Mwanao,
Muhsina


Al Khoudh
18 Oktoba 2025

Mama,

Assalaam alaykum. Mwezi umepita hujaniandikia. Mamdogo anasema u mzima, lakini kila nikipiga ati umetoka. Unatoka kwenda wapi, na mguu huo? Kama umenikasirikia nitukane, nitastahamili. Usininyamazie tu. Naogopa.

Mwanao


Kikwajuni, Unguja
2 Novemba 2025

Mwanangu Muhsina,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sijakukasirikia, yalikwisha. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nnafikiri, na nnavyofikiri taratibu unajua.

Uliuliza nnatoka kwenda wapi. Hapa asubuhi nnatoka kununua mikate ya mofa. Nnapita, huyu ananiita, "Bi mkubwa, umeamkaje?" Yule ananiwekea pa kukaa. Nnarudi mikate imeshapoa na Shariffa ananigombeza. Jioni nnatoka tena. Mguu mwanzo ulilalamika, sasa umezoea. Nikawa najiambia sirudi Maskati kwa sababu mwanangu kanikimbia ghorofa. Uongo. Wallahi nilikuwa nnaukimbia upweke wangu mwenyewe. Tangu babako afariki, Mabela nnakaa nyuma ya geti nnasubiri mtu aje na gari anitoe. Bakhita yuko ukuta kwa ukuta, na tunazungumza kwa simu!

Nikakumbuka uliyoniandikia mwezi wa nne. Ulichokuwa unawatafutia watoto ndicho kilichonishika miye hapa. Nami nikakuita mwenye kiburi. Shariffa kanambia, "Basi kwa nini usende ukakae huko huko kwenye mikunazi?" Nikamwambia sijaombwa.

Basi nnauliza miye. Katika hiyo nyumba yenu ndogo, pana chumba cha chini? Ngazi siziwezi. Ya Mabela tutampa mpangaji mwenye watoto wengi, ijae kelele, babako atafurahi.

Mamako


Al Khoudh
2 Novemba 2025

Mama! Mama! Kipo! Chumba cha chini kipo, chenye dirisha la njiani. Hukuwa na haja ya kusubiri kuombwa, Mama, mlango ni wako. Nilidhani ukija hapa nitakuwa nimekutoa nyumbani kwa Baba, ndiyo nikaogopa kusema. Suud kesho anahamisha vitabu vyake. Taimur anasema bibi alale kwake. Kata tikiti leo leo.

Mwanao


Al Khoudh
9 Desemba 2025

Mama, assalaam alaykum. Uko wapi? Tumerudi kutoka skuli hatukukukuta chumbani mwako. Simu hushiki. Dawa yako iko mezani. Suud anawasha gari akutafute. Nijibu tafadhali.

Mwanao


Al Khoudh
9 Desemba 2025

Waalaykum salaam, mwanangu. Mwambie Suud azime gari.

Nilitoka kununua mikate nikapotea. Nyumba za huku zote sura moja. Nikamuuliza mama mmoja njia, akanishika mkono, akanambia niingie kwanza nipumzike. Kumbe mamake mtu wa kwetu visiwani, wa Wete, tumezungumza mpaka nimesahau mikate na simu. Mabela sikuwahi kupotea hata siku moja, Muhsina, kwa sababu sikuwahi kutoka. Leo nimepotea, na nina furaha usiniulize.

Namaliza kahawa, atanisindikiza. Watoto waoge. Tia maji ya chai jikoni, nnakuja na mgeni.

Mamako