Baba Kamau Amenikana Benki

Jumanne, Kamenu

Na vile nilikuwa nimemnyoa ndevu vizuri, nikamvalisha koti ya kanisa. Benki ilitaka aseme kwa mdomo wake tu kwamba mimi bibi yake nimchukulie pensheni, kwa sababu siku hizi namba yake ya siri imempotea kichwani.

Msichana wa benki akamuuliza kama anayeongea na babu yake, "Guka, huyu shosho mliyekuja naye ni nani?"

Akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Simjui. Na asiguse pesa yangu."

"Wewe! Miaka yote nimekufulia ovaroli ya kiwanda, leo hunijui?"

Watu kwa laini wakacheka. Mimi sikuhisi kitu, hata haya.

Msichana akasema basi hawezi, niende kortini nipewe ruhusa. Korti, na dawa yake inaisha Ijumaa.

Huko nje Baba Kamau akanishika mkono tuvuke barabara. "Mama, una roho nzuri. Bwana yako yuko wapi?"

Nikasema yuko kazini.

"Basi kimbia umpikie. Akitoka huko atakuwa na njaa."

Nimepika. Amekula akamaliza, akanishukuru kama mgeni.