Blanketi Juu ya Gari la Festo

Makambako, nyuma ya stendi

Mwanangu Zakaria,

Pokea salamu za mama yako. Mke wako mgongo umemwachia? Mwambie asiiname shambani asubuhi na baridi hii, na wewe ushike jembe kidogo, halikuumi. Watoto wanakula? Mimi mguu bado unavimba, ila mdomo uko palepale, kama utakavyoona.

Naandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa na masista kwenye darasa la watu wazima pale misheni. Zikilala, zisome zikiwa zimelala. Simu nimeiacha kwa sababu kila nikianza kukusema unaniambia mtandao unakata. Karatasi haikati. Na uisome mbele ya watu wote siku ya kikao cha ukoo, maana mguu huu hautanifikisha Mawengi, na Neema mnamjua, akisimama mbele ya wakwe zake sauti inamkauka.

Habari za hapa ni za nyumba iliyofiwa. Tangu tulipomzika mdogo wako Festo huko na kurudi huku, Neema bado anasonga ugali wa watu wanne. Anaugawa, anatazama kile kilichobaki, anakifunika. Upendo ameacha kuuliza baba anarudi lini. Nilidhani akiacha kuuliza nitapumua. Sikupumua.

Sasa gari. Najua ndilo mnalolisubiri.

Festo aliendesha magari ya watu tangu ana ndevu mbili. Hili la umeme lilikuwa lake, la kubebea abiria. Jumapili ile alinipeleka kanisani, nikakaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Akaniambia, "Mama, sikiliza." Nikamwambia, "Nisikilize nini?" Akacheka, "Ndiyo hivyo, hamna cha kusikiliza! Halingurumi!" Wanakwaya hawakutusikia tukija mpaka nilipotoa mkono dirishani. Baada ya hapo tumbo likamshika, na mengine mnayajua, mlikuwepo kaburini.

Bima iliyokuja na gari imeisha tukiwa kwenye matanga. Neema ana leseni, Festo alimlazimisha aichukue, na wewe Zakaria ulicheka ukasema mwanamke ashike mwiko. Kwa taarifa yako anaendesha vizuri kuliko wewe unavyoendesha baiskeli. Lakini bila bima gari halitoki getini. Trafiki wa siku hizi hahangaiki na stika kwenye kioo, anaandika namba kwenye simu yake tu, umekwisha. Kwa hiyo tukatoka mimi na mkwe wangu kutafuta bima ya bei ya kuvumilika. Mguu na kuvimba kwake, nilikwenda.

Ofisi ya kwanza, hapahapa Makambako, kijana akasema, "Bibi, gari la umeme tunakata bima ndogo tu. Betri ikigongwa hatuna fundi wa kuipima." Nikamuuliza bima ndogo ni nini. Akasema, ukigonga mtu au mali yake, yeye analipwa. "Na gari letu?" Akasema, "La kwenu mtajua wenyewe." Nikamwambia, "Kwa hiyo nikigonga ng'ombe wa mtu, ng'ombe atalipwa, mkwe wangu atembee kwa miguu?" Akacheka. Mimi sikucheka. Neema hana kingine, hilo gari ndilo jembe lake. Likivunjika, limevunjika na ada ya Upendo. Nikasema tunataka bima kubwa, inayotengeneza na la kwetu.

Tukapanda basi hadi Njombe mjini. Dada mmoja pale bima kubwa anayo, ila alipotaja bei Neema alishika ukingo wa meza. Eti betri ni karibu nusu ya gari. Nikamwambia na mimi mguu ni karibu nusu yangu na hakuna anayenilipa. Tukatoka.

Wa tatu ni mzee wa Kibena, wakala, ana kaofisi pembeni ya soko. Huyo alitukaribisha kwa salamu ya kwao, kamwene kamwene, akatupa viti kwanza. Akasema bei itapungua kama gari linalala ndani ya geti na halijagongwa, ila lazima alione kwa macho. Akaja Jumamosi.

Hapa nataka mnisikie vizuri. Fundi alisema baridi inanyonya betri. Na wewe unajua mwezi huu, asubuhi majani ni meupe kwa jalidi, viazi vinaungua shambani. Basi mimi kila jioni nalifunika gari kwa blanketi la Festo, lile la bluu alilojifunika alipokuwa anaumwa. Najua nguo za marehemu hazitumiki mpaka ukoo ukae uzigawe. Najua kabisa, mimi ndiye niliyewafundisha. Jirani amenisema. Nimemwambia akalale.

Yule mzee akalikuta gari limelala chini ya blanketi. Hakucheka. Akavua kofia yake, akaniuliza, "Mama, nani amefariki?" Nikamwambia. Akatupa pole, akalikunja blanketi mwenyewe, taratibu, akaliweka kitini. Akapiga picha mbele, nyuma, ubavuni. Kisha akataja bei, na ilikuwa bei ya kibinadamu. Neema akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaona meno yake, nikasema Mungu asante.

Mzee akauliza, "Gari tunaliandika kwa jina la nani?"

Neema akasema, "La mume wangu."

Mzee akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwanangu, marehemu hakatiwi bima. Ukoo ukae, umtaje msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe. Siku utakayoniletea karatasi ya mahakama nakata siku hiyohiyo, kwa bei hii hii."

Neema hakulia. Alichukua blanketi kitini akalirudisha juu ya gari, saa sita mchana jua likiwaka, akachomeka pembe zake kama anavyomfunika Upendo. Mimi ndiye niliyeingia ndani kulia.

Sasa nasikia unasema gari lirudi Mawengi kwa sababu limenunuliwa kwa miti ya ukoo. Zakaria! Miti ipi ya ukoo? Ile mipaini nilipanda mimi na baba yako, miche nikiibeba kichwani na wewe ukiwa mgongoni. Baba yako aliwagawia kila mtu kipande chake. Chako ulikikata miti ikiwa michanga kama mikono ya mtoto, ukakinywa chote kwenye ulanzi. Festo alingoja mipaini yake inenepe, ndipo akanunua gari. Ukilipeleka huko utalifanya nini? Litalaza kuku.

Kwa hiyo neno langu kwenye kikao ni hili: msimamizi awe Neema. Shati la Festo chukueni, viatu chukueni, redio chukueni. Gari mwachieni Neema.

Nisalimie baba yenu mdogo Kristofa, atakayeongoza kikao. Mwambie nakumbuka nani alimlea alipofiwa na mama yake. Msalimie shangazi yenu Eusebia anayetunza kuku wangu, na jogoo nimkute. Msalimie na katekista, asome sala ndefu kidogo pale kaburini, mwanangu hakupenda haraka.

Na hilo blanketi liko juu ya gari, litabaki hapo mpaka bima ikatwe. Anayeona ni fungu lake na aje Makambako alivute yeye mwenyewe, mchana, Upendo akimtazama.

Ni mimi niliyewazaa wote wawili,
Mama yako, Anastazia