Mabamba Mawili Juu ya Kaburi la Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Ihanja.
Miaka hamsini na moja tangu tuhamishwe kutoka Sepuka kwa malori. Uji, dawa ya presha, bodaboda hadi mahameni, kijiji chetu cha zamani. Trela la transfoma ya mradi wa umeme litapita juu ya kaburi la baba. Kwingine kote ni mbuga ya udongo laini, litazama. Inaniudhi. Nimekubali kwa sharti moja: bamba la chuma, nene. Kando ya baba nimeacha nafasi yangu. Nataka nizikwe pale.

Jumatano, 6 Agosti.
Injinia wa mradi, binti mdogo, ameniamkia, kisha akapiga hesabu mbele yangu. Bamba jembamba hupinda chini ya gurudumu, uzito wote ukashukia hapo hapo. Nene hubaki limenyooka, uzito ukagawanyika hadi kingoni. Milimita ishirini na tano. Mimi mtu wa karakana ya reli Manyoni, nilipata jibu hilo hilo. Limetandikwa. Mdogo wangu Mughenyi atalilinda.

Ijumaa, 8 Agosti.
Shenzi! Mughenyi amelikokota bamba nene kwa trekta hadi korongoni ili lori lake la alizeti livuke. Juu ya kaburi akapanga mawili ya milimita kumi na mbili, moja juu ya jingine. Injinia alikuwa mjini. Dereva wa trela alikuta chuma chini, akapita.
"Kumi na mbili mara mbili, kaka. Imepungua milimita moja tu, unagomba?"
Mjinga. Mabamba mawili yasiyoungwa huteleza, kila moja likapinda kivyake. Yamebonyea kama sinia. Kaburi limetitia, na nafasi yangu pamoja nalo.
Nikamwuliza, huyu si baba yako pia?
"Wafu hawavuni alizeti."
Nikainua fimbo. Watu wakaishika.

Jumamosi, 9 Agosti.
Hasira haijashuka. Mughenyi alihamishwa akiwa mgongoni mwa mama. Zizi halikumbuki, wala sauti ya baba. Kwangu pale ni nyumbani. Kwake ni njia ya lori. Namchukia leo, na ninachochukia zaidi ni kwamba hakusema uongo kuhusu wafu.

Jumapili, 17 Agosti.
Wamejaza udongo, wakashindilia. Sikwenda kuona. Mughenyi amekuja na dumu la mafuta ya alizeti, akaliweka mlangoni.
"Shikamoo, kaka."
Nimeitikia.
Nimewaambia wanangu wanizike hapa Ihanja, nyuma ya jiko. Sepuka sitarudi.