Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Leo nimetangaza redioni kifo cha mjomba wangu, bila kujua.

Karatasi ilikuwa ya kawaida. Familia fulani ya Kinkondja, mzee Ngoy, mvuvi, kilio kiko nyumbani kwake. Akina Ngoy ni wengi kama samaki wa ziwa Kisale. Nikasoma kwa ile sauti yangu ya pole. Nikavuta pumzi. Nikasoma kifo kingine, halafu tangazo la sabuni.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa chini, majirani wamemshika. Redio bado inaimba. Akaniangalia. Akasema amesikia kwa kinywa changu kwamba kaka yake amekufa. Akaongeza kwamba nilisoma vizuri.

Sikulia. Nilienda kuchemsha maji ya chai ya majirani.

Jumatano, 25 Septemba

Kilio kinaendelea hapa kwetu, kwa wale ambao hawawezi kusafiri mpaka ziwani. Wamama wananiangalia macho. Yako makavu. Shangazi mmoja amesema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba roho yangu imekuwa jiwe sababu ya redio.

Mimi mwenyewe nayangoja machozi kama tunavyongoja treni ya Lubumbashi. Yatafika. Siku hakuna anayeijua.

Nimemwomba Direkta Kazadi wa redio yetu ruhusa. Akasema mjomba haingii katika ruhusa za kilio, na tena nani atasoma?

— Bantu ya Kamina banapenda kutangazwa na sauti yako, mama Émerence.

Nilimshukuru. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 28 Septemba

Silali. Nikilala, naamka mdomo unasema «ina huzuni kubwa kuwatangazia ndugu na marafiki».

Leo sokoni nimeuliza bei ya samaki wakavu. Mwenye kuuza akaweka mkono kifuani, akaniuliza nani amekufa. Nilikuwa nimeuliza kwa ile sauti. Sikujua kwamba inatoka yenyewe.

Sikununua samaki. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekwama hewani.

Marehemu alikuwa mwalimu wa Kaniama. Nikasoma jina. Nikasoma jina tena. Nikasoma jina tena. Nilitaka kuendelea — neno lililofuata nililiona, liko pale kwenye karatasi — lakini kinywa kilirudi kwenye jina. Djafari, ambaye anasoma michezo na kuangalia mashine, alifikiri chombo kimeharibika. Akapiga muziki. Ulikuwa muziki wa harusi. Hakupata mwingine haraka.

Direkta akaja kuninusa kinywa. Hakuna pombe. Basi akasema ni mapepo, na pasta wake ana nafasi Jumapili. Nikasema asante, nitafikiri.

Djafari akaniletea chai ya tangawizi uani. Kwao ni watu wa Maniema, wafanyabiashara wa vitenge toka babu zao. Hana maneno mengi nje ya mpira. Lakini leo alisema:

— Yaya Émerence, kwetu bale benye kuosha maiti banapokezana. Hakuna mutu anaosha peke yake kila siku. Weye njo unaosha muji muzima.

Nilikunywa chai yote. Kitu cha kwanza nilichomaliza wiki hii.

Jumanne, 8 Oktoba

Habari njema, anasema Direkta. Alhamisi ni siku ya dunia ya afya ya akili, na mwaka huu wanazungumzia ile ya kazini. Shirika moja litalipia kipindi. Litaleta tisheti. Muganga wa akili wa hospitali atakuja. Wasikilizaji watapiga simu.

Mwenye kuongoza kipindi: mimi. Sababu sauti yangu iko na huruma.

Nikamwambia:

— Papa Direkta, minyi njo mugonjwa mwenyewe.

Akacheka, akanipiga bega kidogo.

— Muzuri! Utajua maulizo ya kuuliza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Naandika yote, nisije nikafikiri kesho kwamba niliota.

Muganga ni mwanamke, mama Mputu. Si dokta, ni infirmière, muuguzi, mfupi, viatu vina vumbi la pikipiki. Direkta alikaa mwenyewe kwenye mashine, nyuma ya kioo, tisheti ya shirika juu ya shati na kravati ya shingoni. Djafari alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kusali.

Nikauliza maulizo. Mama Mputu akajibu polepole: mtu kutolala, mtu kutosikia njaa, mtu kufanya kazi yake sawasawa huku ndani hakuna kitu. Nikasema «asante kwa maelezo».

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyetaka kujua kama tisheti zinauzwa.

Simu ya pili: «Naitwa Abedi, niko pa gare, pa treni.» Sauti ikaingia katika kaski masikioni mwangu, na mara ileile ikaingia kwa dirisha. Dirisha linatazama uani. Nikageuka kidogo. Djafari alikuwa ametupa mgongo, simu sikioni, ameinama nyuma ya pipa la maji.

Akasema ana mwenzake wa kazi. Kila siku anabeba vilio vya wengine. Sasa kilio chake mwenyewe kimekosa nafasi. Amekonda. Afanye nini?

Mama Mputu akauliza:

— Ulishamwambia kwamba unamuona?

— Nilimwambia kidogo. Niliogopa ataona haya.

— Mwambie tena. Si wazimu, si mapepo. Ni mutu amebeba kupita nguvu yake. Aje kwangu Jumatatu, nitamupokea. Na mukubwa wake wa kazi amupunguzie muzigo. Huyo mukubwa anasikiliza redio?

Djafari akainua kichwa juu ya pipa.

— Iko hapa. Amevaa tisheti.

Direkta, nyuma ya kioo, akaangalia tisheti yake.

Ilikuwa zamu yangu kusema kitu. Nikasema: «Asante, Abedi wa pa gare. Huyo mwenzako amekusikia.» Nikasema kwa sauti gani, sijui. Haikuwa ile.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saa sita Direkta akasema kipindi kilikuwa kizuri, shirika limefurahi. Halafu:

— Ule Abedi iko anatumika kazi kwa nani?

— Sijui, papa.

Djafari alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Alisoma timu moja mara mbili.

Direkta akasimama mlangoni, akasema niende hiyo Jumatatu, lakini nilete karatasi ya hospitali. Bila karatasi ni utoro.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeenda. Watu wa foleni walinijua kwa sauti nilipotaja jina. Mmoja akasogea mbali nami kwenye benchi, polepole, kwa heshima.

Mama Mputu akaniuliza nina nini. Nikaanza. Akanikata.

— Usinitangazie, mama. Niambie.

Tukakaa. Nje walikuwa wanafagia. Mwishowe nikamwambia habari ya mjomba, na kwamba mama alisikia kwa kinywa changu. Akauliza kama nafikiria kufa. Nikasema siku nyingine nikishika karatasi naona jina langu lingekaa vizuri pale. Akaweka kalamu chini. Hakushtuka, hakuniombea. Akauliza nani yuko nyumbani. Akasema mama lazima ajue, leo, na nirudi Alhamisi, na kama hilo wazo likija na nguvu nisingoje Alhamisi. Habari ya dawa tutaiangalia.

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaendelea kuchambua, majani yakawa madogo sana. Akasema mkeka wangu nitauleta chumbani kwake.

Direkta alisoma karatasi ya hospitali, kwamba nipumzike, akiwa amesimama.

— Mpaka lini?

— Mpaka muganga atakaposema.

— Djafari asome. Ijumaa tutaona.

Jumatano, 16 Oktoba

Saa ya matangazo, niko nyumbani. Mama amefungua redio bila kuniuliza.

Djafari anasoma vifo kama magoli. Majina ya Kiluba anayavunja vibaya. Akafika kwa mama mmoja wa Kaniama, mkulima wa mahindi, simjui, sijawahi kumsikia. Akakosea jina lake. Akasimama. Akaomba radhi kwa familia, akaanza tena polepole, mpaka likatoka sawa.

Nikalia. Nguo yote ya kifua imelowa.

— Ule mama unamujua? mama akauliza.

— Hapana.

Alinishika kichwa, na yeye akaanza kumlilia kaka yake.

Sasa jina la Direkta liko kwenye simu. Familia zitakuwa zimelalamika. Au Ijumaa yake imefika leo. Mama anaangalia simu, ananiangalia mimi. Hatuigusi. Imekatika, imeanza tena.

Simu inalia. Na mimi bado nalia.