Matundu Matatu ya Mwisho

Baba,

Nimekalia benchi lako hapa karakana ya Voi, na usinune. Stuli imevunjika mguu, na seremala wa kuitengeneza ana kazi nyingi. Seremala ni mimi.

Tangu tukuzike kule Wusi, Mama ameanza kucheka tena, ila bado anapakua ugali wa watu watatu. Mimi nakukumbuka zaidi nikishika randa. Inauma, Baba.

Ubao wa mwisho wa msaji wa ile manowari iliyobomolewa Mombasa umebaki na matundu matatu ya bolti. Basi ni visanduku vitatu, maana hukuwahi kufunga kisanduku bila tundu moja kwenye kifuniko, na weusi wa kutu ukilizunguka. Vipande visivyo na tundu ulivichonga miko ya majirani. "Msaji unauzwa kila mahali," ulikuwa ukisema. "Tundu ndilo cheti cha meli." Unakumbuka siku nilipoupiga randa ubao mzima hadi weusi wote ukatoka? Hukunigombeza. Ulisema tu, "Wakesho, umeiosha meli mpaka imekuwa meza."

Sasa Mama Zuhura wa Taveta, anayeuza vitu vya kumbukumbu kwa wageni wanaokuja kuona viwanja vya vita vya zamani, ametaka visanduku ishirini. Nikamwambia viko vitatu. Akasema, "Toboa, mwanangu. Tundu ni tundu, nani atalipima?"

Baba, nilitoboa. Kipande cha msaji wa dukani, msumari wenye kutu, maji ya limau, siku tatu. Likatoka zuri kuliko la kweli. Nilijivunia, sikufichi. Lakini nilipopasha moto kile chuma cha kuchomea jina lako chini ya kisanduku, mkono ulikataa kabisa. Hakuna mgeni ambaye angejua. Ningejua mimi, na ningekuwa nimelitia uongo jina la mtu asiyeweza kujitetea.

Nikampigia Mama Zuhura: vitatu, basi. Akafyonza. "Una ukaidi wa babako!" Nilidhani tumeachana. Wiki iliyofuata akapiga mwenyewe, akataka kumi na saba vya msaji wa kawaida, bila tundu, bila habari ya meli. Akauliza vitakuwa na jina gani chini. Nikamjibu bila kusita kwamba ni langu.

Nilikwenda kwa mchomeleaji wa pale sokoni, akanitengenezea chuma changu. Herufi ya mwisho imekaa upande kidogo, lakini inasomeka.

Kile kipande cha uongo nimekichonga mwiko. Mwiko huo Mama anausongea ugali, kisha anautundika msumarini kwa tundu lake, na hajadanganywa mtu.

Visanduku vyangu nimevimaliza jana. Vyako nimeviacha mwisho, nivifanye polepole. Pumzika, Baba. Nakuahidi jina lako nitalichoma mara tatu zilizobaki, kisha chuma chako kitakaa ukutani, juu ya benchi, na hakitapashwa moto tena.

Binti yako,
Wakesho